Kompyuta za Shule Zitakuwa Zetu Lini?

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuihudumia programu yake iitwayo Windows 10, isipokuwa kwa nyongeza ya muda mfupi kwa wale wanaojiandikisha au kulipa. Kwa mwenye ofisi kubwa mjini, habari hiyo ilikuwa ni jambo la kununua mashine mpya tu. Kwa shule ya sekondari ya Masasi au Newala, ambayo aghalabu hupewa kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, habari hiyo ina uzito mwingine kabisa. Programu mpya ya kampuni hiyo, Windows 11, hudai mashine yenye viungo ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazinavyo. Mashine ni nzima, kioo chake chang'aa, vibonyezo vyake vyafanya kazi. Lakini nyongeza ile ikiisha, kila tundu jipya litakalogunduliwa na wezi wa mitandao litabaki wazi. Mtu aliye mbali, asiyeijua Newala wala Makote, ameamua kwamba chombo kilichomo katika chumba chetu kimezeeka.

Hatuyasemi haya kwa kuilaumu kampuni hiyo. Mfanyabiashara huuza apendavyo, na hakuna aliyemlazimisha mtu kununua. Swali letu latuhusu sisi wenyewe. Kompyuta iliyomo katika shule yetu ni ya nani? Je, ni yetu kwa kuwa imo chini ya paa letu, na namba ya halmashauri imeandikwa ubavuni mwake kwa rangi? Au ni ya yule awezaye kuamua siku yake ya kustaafu bila ya kutuuliza?

Yafaa kila mwananchi aelewe jinsi mambo haya yalivyo, maana si siri ya wasomi. Kompyuta ina sehemu mbili. Ya kwanza ni chuma na waya, nayo huonekana kwa macho. Ya pili ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mafundi ili kuiambia mashine ifanye nini. Maagizo hayo huandikwa kwanza kwa lugha ambayo fundi aweza kuisoma, nayo huitwa msimbo. Kisha hugeuzwa yakawa katika hali ambayo mashine pekee huielewa. Makampuni mengi huuficha msimbo na kuuza ile hali ya pili tu. Mnunuzi hapati mali. Hupata ruhusa ya kutumia, tena kwa masharti. Lakini iko aina nyingine, nayo huitwa programu huria. Mwenye kuipokea hupewa haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuwagawia wenzake nakala, na kuibadili apendavyo na kuigawa ikiwa imebadilishwa. Haki hizo ndizo zinazotenganisha mali na kitu cha kuazima, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wenyeji wa uwanda wa Makonde hawahitaji mifano ya mbali ili kuelewa jambo hili. Nchi yao iko juu, na udongo wake hauyashiki maji. Mvua ikinyesha, huzama chini. Kwa muda mrefu akina mama wa Newala wameteremka mabondeni na kupanda tena na maji vichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mpango wa kuyavuta maji kwa mitambo kutoka bondeni Mitema hadi juu uwandani. Kisha, tangu miaka ya 1970 hadi mapema miaka ya 1990, serikali ya Finland ilisaidia kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na visima vingi vikachimbwa na kuwekwa pampu za mkono.

Kila aliyeishi katika nchi hii ajua mafunzo yaliyotokana na kazi hizo. Pampu ni chombo chema. Lakini pampu njema ikikatika mpira wake, na mpira huo haupatikani dukani, na kijijini hapana mtu aliyefundishwa kuifungua, hugeuka kuwa nguzo ya chuma ambayo watoto huichezea. Maji yako palepale chini, pampu iko palepale juu, na mama amekwisha kurudi kwenye njia ya bondeni. Kinachokosekana ni fundi wa mahali na kifaa kidogo cha kubadilisha. Ndiyo maana ilionekana lazima kila kijiji kiwe na kamati yake ya maji na mtu wake wa kuitengeneza pampu.

Jirani zetu wa Nachingwea nao wana kumbukumbu yao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na reli ikajengwa kutoka pwani. Udongo haukupimwa vya kutosha, mvua haikuchunguzwa, wala mkulima wa mahali hakuulizwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962. Chombo kikubwa kisicho na ujuzi wa mahali kiliondoka kama kilivyokuja.

Sasa tuitazame Finland mara ya pili. Mwaka 1991, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliandika kiini cha programu ya kuendeshea kompyuta, akakitoa kwa watu wote wakisome na kukirekebisha. Kiini hicho ndicho Linux. Kiliunganishwa na kazi ya Mmarekani Richard Stallman, ambaye tangu mwaka 1983 alikuwa ametangaza mpango wa GNU wa kutengeneza programu zilizo huru. Leo seva nyingi zinazobeba intaneti ya dunia huendeshwa kwa Linux, na simu za Android zilizomo mifukoni mwa wakulima wetu wa korosho zimejengwa juu ya kiini hichohicho. Mwaka 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha toleo moja la Linux akaliita Ubuntu, neno ambalo ni ndugu wa neno letu utu.

Tazameni basi tofauti ya vitu hivi viwili vilivyotoka katika nchi moja. Pampu ilikuja ikiwa imekamilika, na vipuri vyake vilitoka ng'ambo. Linux ilikuja pamoja na maelezo yote ya jinsi ilivyotengenezwa, na kila kipuri chake chaweza kunakiliwa bila malipo. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 yaweza kuwekewa toleo jepesi la Linux ikafanya kazi ya shule kwa miaka mingine. Lakini katika jambo moja vitu hivyo vinafanana kabisa: vyote viwili hufa pasipo mtu wa kuvitunza.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wako watu wanaoisifu programu huria kwa sababu ni ya bure. Sifa hiyo ni ndogo, tena yaweza kutupoteza. Programu huria haikosi gharama. Gharama yake huhama kutoka katika leseni na kuingia katika ujuzi wa mtu. Halmashauri ikifuta fedha za leseni na isimlipe wala kumfundisha mtunzaji, itakuwa imeondoa mzigo begani na kuutupa njiani.

Mtunzaji huyo hufanya nini? Watu wengi hawajui, na kwa sababu hawajui, hawamthamini. Mtandao wa shule si lazima uwe intaneti. Ni waya au mawimbi yanayoziunganisha kompyuta za shule na mashine moja yenye nguvu iitwayo seva. Seva moja nzuri yaweza kuzibeba kompyuta dhaifu kadhaa, zikawa kama madirisha tu, kazi yote ikifanywa na seva. Ndani yake yaweza kuwekwa maktaba nzima: Wikipedia ya Kiswahili kwa njia ya programu huria ya Kiwix, masomo ya sayansi, mazoezi ya hesabu na mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi wa kijijini husoma hayo yote hata siku ambayo mnara wa simu umezimika, tena bila kununua bando.

Lakini seva haijitunzi. Lazima awepo mtu wa kuitazama kila asubuhi, kuona kama diski imejaa, kama vumbi jekundu la nchi yetu limeziba feni yake, kama betri ya akiba ingali na uwezo wa kustahimili umeme ukikatika. Lazima ampe kila mwanafunzi jina lake na neno lake la siri, na kulifuta mwanafunzi akimaliza shule. Lazima aweke masahihisho ya programu kila yanapotoka, na kuzichunguza flashi zinazoingia na virusi kutoka mitaani. Lazima atoe nakala za akiba za kazi za wanafunzi na alama za mitihani, azitunze katika chumba kingine, tena azijaribu mara kwa mara ili ajue kwamba zafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni kama ghala lisilofunguliwa: mwenye nalo hudhani ana chakula mpaka siku ya njaa.

Na zaidi ya yote, lazima aandike daftari. Kila alichobadili, tarehe aliyokibadili na sababu yake, yaandikwe kwa Kiswahili chepesi ambacho mwingine aweza kukifuata. Maana tatizo letu kubwa ni uhamisho. Mwalimu mwenye kipaji hufika, huzifufua mashine, hufundisha kwa bidii. Kisha barua ya uhamisho huja, naye huondoka akiwa na maneno yote ya siri kichwani mwake. Siku ya pili chumba chafungwa kufuli, na mwaka wa pili popo wamo darini. Mwalimu huyo hana kosa, kwani hakuna aliyemwagiza kuandika wala aliyepewa kazi ya kumrithi. Fundi asiyeandika daftari huondoka na shule mfukoni.

Twataka kusema neno hapa kwa wafanyakazi. Kazi hii yote, katika shule nyingi, hufanywa na mwalimu baada ya vipindi vyake, jioni na siku za mapumziko, bila kuhesabiwa kuwa ni kazi. Haimo katika ratiba, haimo katika tathmini yake, haimo katika mshahara wake. Hilo si haki. Kazi ni kazi, iwe imefanywa kwa jembe, kwa spana au kwa vibonyezo. Mwalimu anayebeba mtandao wa shule apunguziwe vipindi, atambuliwe kwa barua, na alipwe posho ya kazi hiyo. Chama cha wafanyakazi kinachodai haki za walimu kingefanya vyema kulitia jambo hili katika madai yake.

Yako mapingamizi, nayo yastahili kujibiwa. Watu husema: maofisini hutumiwa Windows, basi tukimfundisha mtoto Linux tutakuwa tumemnyima kazi. Lakini aliyejifunza kuandika barua, kupanga hesabu katika majedwali na kutunza mafaili, hahitaji siku nyingi kuzoea sura ya programu nyingine, kama vile dereva wa lori la aina moja asivyoanza upya anapokabidhiwa lori la aina nyingine. Tena aliyejifunza Linux amejifunza kinachoendesha seva za dunia, na kazi za huko ni nyingi. Wengine husema: nakala za Windows zisizolipiwa zapatikana mitaani, ya nini kuhangaika? Huko ni kumfundisha mtoto wizi ndani ya chumba cha shule, tena nakala hizo mara nyingi huja na wadudu waliofichwa ndani yake. Wengine tena husema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Hao twawaomba waangalie korosho zao zinakokwenda.

Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania huuzwa India na Vietnam. Katika India, mji wa Kollam katika jimbo la Kerala ni mji mashuhuri wa kubangua korosho. Jimbo hilohilo la Kerala lilianzisha mwaka 2001 mpango wa kompyuta mashuleni uitwao IT@School. Walimu wake walidai, na serikali yake ikakubali, kwamba shule za umma ziendeshwe kwa programu huria. Mafundi wa jimbo walitengeneza toleo lao wenyewe la Linux, lenye lugha yao ya Kimalayalam na masomo ya mtaala wao, na leo linatumika katika kompyuta zaidi ya 200,000 za shule. Mwaka 2018 walianzisha vyama vya wanafunzi viitwavyo Little KITEs, ambamo watoto wenyewe hufundishwa kutunza vyombo vya shule yao na kutengeneza programu. Korosho yetu huvuka bahari ikiwa na ganda, na huko hubanguliwa na watu ambao watoto wao wana haki ya kuifungua kompyuta na kuusoma moyo wake. Je, mtoto wa mkulima wa Newala amekosa nini hata asistahili haki hiyo?

Wala isidhaniwe kwamba Tanzania haijaanza. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa msaada wa wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maneno yote ya Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Wilayani Karatu, shirika la Powering Potential limeweka mashuleni kompyuta ndogo za Raspberry Pi zitumiazo umeme wa jua, zikiwa na Linux na maktaba isiyohitaji intaneti. Takwimu za zahanati na hospitali zetu hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaoijenga na kuiboresha. Kwa hiyo uwezo upo. Uliokosekana ni utaratibu wa kuufikisha uwezo huo kutoka chuo kikuu hata shule ya kata.

Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka kila shule iwe pia mahali pa kazi, wanafunzi wajifunze kwa kutenda na shule ijilishe. Wengi walidhani maana yake ni jembe tu. Lakini shule inayotunza mtandao wake yenyewe, inayomfundisha mwanafunzi kubadilisha diski iliyokufa na kuandika maelezo ya alichofanya, yatimiza shauri hilo barabara. Chumba cha kompyuta kiwe shamba la shule, wala kisiwe sanduku la vioo linalofunguliwa siku ya mgeni.

Basi nini kifanyike? Kwanza, halmashauri nne, za wilaya na za miji, za Masasi na Newala, zishirikiane kuajiri mafundi wachache wa mifumo watakaozunguka mashuleni kama wazungukavyo mabwana shamba, kila fundi akiwa na shule zake na pikipiki yake. Pili, kompyuta zozote zitakazopokewa, ziwe za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote au za wahisani wa ng'ambo, zipokewe kwa sharti la kuja na mafunzo, vipuri na maelezo kwa Kiswahili. Zawadi isiyo na maelezo irudishwe. Tatu, Chuo cha Ualimu Kitangari kifundishe kila mwalimu mtarajiwa kutunza seva ya shule, si kuandika barua kwa kompyuta tu. Nne, kila shule iwe na chama cha wanafunzi watunzaji, wa kidato cha kwanza wakifundishwa na wa kidato cha tatu, ili ujuzi usihame na mwalimu.

Tano, vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU visijione kuwa wageni katika jambo hili. Tangu msimu wa 2024/2025 korosho huuzwa kwa mnada wa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Bei ya jasho la mkulima yatangazwa na mashine. Ni hatari kwa wakulima kutegemea mashine ambayo hakuna mtoto wao hata mmoja anayeielewa. Sehemu ndogo ya fedha za ushirika ikitengwa kwa ajili ya mafunzo ya vijana hawa, itarudi kwa wanachama kwa njia nyingi.

Bajeti za halmashauri hutengenezwa kila mwaka kabla ya mwezi wa Julai, na vikao vya kata hutangulia. Huko ndiko mahali pa kuyasema haya. Mwanachama anayehudhuria kikao chake asitosheke kuuliza shule yetu imepata kompyuta ngapi. Aulize: Mtunzaji wake ni nani? Atakayemrithi ni nani? Daftari lake liko wapi? Na ikiwa kampuni ya mbali itaamua kesho kwamba mashine hizi zimezeeka, nani hapa Newala mwenye haki na ujuzi wa kukataa?